Lile Jua lenye manyoya: picha zake zinapigwaje na kwanini sio AI

Wiki iliyopita kwenye grupu la ukoo binamu alirusha picha ya Jua. Duara la rangi ya chungwa limejaa kitu kama manyoya ya paka, pembeni ndimi za moto zimechomoza, na chini yake kaandika eti imepigwa na mtu wa kawaida tu uani kwake. Haikupita dakika kumi ugomvi ukaanza. Mjomba akasema hiyo AI, siku hizi kila kitu AI. Mwingine akasema hiyo ya NASA, mtu wa kawaida aitoe wapi. Shangazi ndio akauliza swali la maana kuliko wote, "mbona Jua ninalolijua mimi halina manyoya?" Na kwa sababu mimi ndio mwenye darubini ukoo mzima nikatajwa kwa jina nitoe neno, nikaanza kujibu kwenye simu, jibu likarefuka mpaka kidole kikachoka, nikaona bora niliandike hapa likae sawa maana najua hata nje ya ukoo wetu watu wanabishana hayohayo.

Jibu fupi: picha ile ni ya kweli, na pia imepikwa. Vyote viwili. Wali nao umepikwa na bado ni mchele uleule.

Kuna kitu kimoja ukikishika mengine yote yanakaa yenyewe, kwamba kupiga picha Jua ni kazi ya kutupa. Wanaopiga nyota usiku shida yao mwanga ni kidogo, wanakinga kila tone kama sisi wa Dodoma tunavyokinga maji mwezi wa kumi. Kwenye Jua mambo yanageuka, mwanga umezidi kiasi kwamba unaua kamera na unaua jicho, kwahiyo unatupa karibu mwanga wote, alafu unatupa rangi karibu zote, alafu unatupa video karibu yote uliyorekodi, na kinachobaki kwenye ungo ndio hiyo picha watu wanagombania.

Kwanza tujue tunapiga picha nini

Jua ni mpira wa gesi, upana wake kama kilomita milioni 1.39, yaani ukizipanga Dunia 109 kwa mstari ndio unauvuka. Halina ardhi ya kukanyaga. Lile duara tunaloliona kila siku ndio uso wake, wataalamu wanauita fotosfia, joto lake nyuzi kama 5,500. Juu ya uso kuna ngozi nyembamba ya gesi inaitwa kromosfia, na nje zaidi kuna korona, ule ukungu mweupe mpana ambao macho yetu yanauona pale tu Jua linapopatwa lote. Sasa kromosfia na korona haziendi popote, muda huu unavyosoma kama ni mchana zipo juu ya kichwa chako, ila fotosfia inawaka mno inazimeza. Washa kibatari mbele ya taa za uwanja wa mpira usiku wa mechi, mwambie mtu wa jukwaa la mbali akione. Kibatari kipo, kinawaka, ila ndio hivo.

Kwahiyo picha za Jua ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mwanga mweupe, unapiga fotosfia, unapata sahani safi na madoa meusi machache. Ya pili unazima taa za uwanja kwa ujanja unabakisha kibatari peke yake, na humo kwenye kromosfia ndio kwenye manyoya. Shangazi yuko sahihi na binamu yuko sahihi, kila mmoja anaongelea tabaka lake.

Tukiwa hapohapo kwenye madoa, maana nayo yana maneno mengi. Sio mashimo, na Jua halizimiki. Ni sehemu ambayo sumaku ya Jua imekaza sana mpaka joto la chini linashindwa kupanda vizuri, kwahiyo pamepoa kidogo pakawa nyuzi kama 3,500 hadi 4,000. Yaani bado ni moto wa kuyeyusha chuma ukawa uji, ila pembeni ya jirani mwenye 5,500 linaonekana jeusi. Ungelikata doa moja kubwa ukalitundika peke yake usiku lingeng'aa kuliko mbalamwezi. Yanakuja kwa msimu wa miaka kama 11, yanaongezeka alafu yanapungua, na Oktoba 2024 NASA na wenzao wa hali ya hewa ya anga kule Marekani walitangaza kwamba tumeshaingia kileleni mwa msimu huu wa sasa. Ule Mei 2024 ambapo mitandao ilijaa habari za dhoruba ya Jua na mianga ya rangi ikaonekana mpaka Mexico, chanzo kilikuwa kundi moja la madoa, likapewa namba 3664, upana wake kama Dunia 15. Nililiona kwa miwani ya karatasi tu, bila darubini. Lilikuwa kama punje ya pilipili manga imedondokea kwenye sahani.

Kutupa kwa kwanza: mwanga (hapa usiruke mistari)

Filta ya kawaida ya mwanga mweupe ni karatasi laini inayong'aa kama foili ya chokoleti, unaikata unatengenezea fremu ya boksi unaivesha mdomoni mwa darubini. Inapitisha sehemu moja tu kati ya 100,000. Ndio, laki moja unatupa, unabaki na moja, na hiyo moja inatosha na chenji inabaki.

Inakaa MBELE. Mbele kabisa, upande unaoangalia Jua. Nasisitiza kwa sababu zipo darubini za zamani za bei rahisi zilikuja na kakioo keusi ka kufunga nyuma kwenye lenzi ya jicho, kama unako katupe leo. Utotoni wote tumechoma karatasi kwa kioo cha kukuzia, darubini ni kioo hichohicho kikubwa. Lenzi ya milimita 80 inakusanya mwanga kama mara elfu moja kuliko mboni ya jicho lako mchana, wote unakuja kukutana kwenye kile kidoti nyuma, kakioo kanachemka kanapasuka, na kanapopasuka jicho lako liko pale pale. Ndio maana pia huvai miwani ya kupatwa kwa Jua alafu ukachungulia kwenye darubini au baynokula, mwanga uliokusanywa unaitoboa miwani kabla hujasema lolote.

Mimi mwenyewe yalinikuta mwaka wa kwanza. Filta nimefunga vizuri, nimebandika na gundi ya karatasi juu isije ikapeperushwa maana upepo wa Dodoma hauna adabu, nikajiona profesa. Nikasahau kale kadarubini kadogo ka pembeni ka kulengea, kako wazi. Nainama nafokasi nasikia harufu ya kitu kinaungua nikajua jirani anachoma takataka zake kama kawaida. Kumbe kofia yangu. Ina tundu mpaka leo, linaingia kidole kidogo, na ninaivaa makusudi kila nikiwaonesha watoto wa mtaani wasiwe wanachezea.

Njia zetu za kienyeji sasa. Septemba 1, 2016 Jua lilipopatwa kipete, yaani likabaki kama pete, pale Rujewa, Mbarali, huku kwetu tuliona kipande tu, na bibi alitoa beseni la maji tuangalie humo kama alivyofundishwa. Sina ugomvi na bibi, ila tupige hesabu. Maji yaliyotulia Jua likiwa juu yanarudisha mwanga kama asilimia 2, yaani moja ya hamsini. Filta salama inataka moja ya laki moja. Kwahiyo kwenye beseni bado umebakiwa na mwanga mara 2,000 zaidi ya unaotakiwa. Filamu za eksirei, CD, chupa ya bia, kioo kilichopakwa moshi wa koroboi, hivi vyote vinakudanganya kwa namna moja, vinapunguza mwanga unaouona, jicho linatulia, mboni inafunguka, kumbe ile miale ya joto isiyoonekana inapita kama kawaida. Na nyuma ya jicho hakuna neva za maumivu. Huumii, unajua mambo yamekwenda vizuri, kesho asubuhi unaamka kuna doa katikati ya kila unachokiangalia. Kioo cha fundi welding kinafaa kama ni namba 14, cha kwake mwenyewe pale kijiweni mara nyingi ni 10 au 11, hicho acha.

Naongea sana kuhusu hili kwa sababu Agosti 2, 2027 Jua litapatwa lote kuanzia Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor kule Misri zaidi ya dakika sita za giza, likavuka Jeddah na Makka mpaka Yemen na Somalia. Wenzetu walioko Saudia upande huo wataruhusiwa kuvua filta dakika zile za giza tu. Sisi wa huku tutaona limeliwa kipande, kwahiyo filta haivuliwi hata sekunde moja, hata likiliwa nusu.

Kutupa kwa pili: rangi

Hapa ndio manyoya yanapozaliwa. Gesi ya haidrojeni kwenye kromosfia inatoa rangi moja maalum, nyekundu iliyokolea, na watu wa fani wanaiita haidrojeni alfa. Ukiweza kuzuia rangi nyingine zote za dunia ukaacha hiyo moja tu basi fotosfia inanyamaza na kromosfia inaongea. Ni kama uko Kariakoo saa nne asubuhi kila mtu anapiga kelele na wewe unataka sauti ya mama mmoja anayeuza vitunguu, wazime wote abaki yeye.

Ila hiyo rangi ni nyembamba mno. Chukua rangi zote tunazoziona, zambarau mpaka nyekundu, zinyooshe ziwe barabara ya kilomita 3. Filta ya haidrojeni alfa ni geti la sentimita 70 kwenye barabara hiyo. Geti likiwa pana kidogo zaidi umati wa fotosfia unapita na manyoya yanapotea. Kutengeneza geti jembamba hivo wanatumia vioo viwili vilivyosawazishwa kwa umakini wa ajabu, vinatazamana karibu sana, mwanga unadunda katikati yao na rangi moja tu ndio inafanikiwa kutoka upande wa pili. Kuitegesha kunafanana kabisa na kutafuta stesheni kwenye redio ya zamani ya kuzungusha, unazungusha kidogo picha imelala, unazungusha tena, ghafla Jua linaota manyoya mbele ya macho yako. Siku ya kwanza nilipiga kelele mke wangu akatoka jikoni anadhani nimeumwa na nyoka.

Bei ndio inauma. Kadarubini kadogo kabisa ka aina hiyo kanacheza kwenye bei ya bodaboda, na makubwa yanakwenda bei ya gari la mtumba. Kuna Mfaransa mmoja, Christian Buil, alibuni kifaa kinaitwa Sol'Ex, kinachapwa kwa printa ya 3D, kinapasua mwanga wa Jua kuwa upinde wa mvua alafu programu inalichora Jua mstari kwa mstari kwa ile rangi unayoitaka. Rahisi zaidi kwa hela, ila kinataka mtu mwenye subira. Mimi sina, nilikopa.

Sasa yale manyoya ni nini hasa? Ni michirizi ya gesi, inapanda na kushuka, mingine haimalizi hata dakika kumi. Na zile ndimi za pembeni sio moto, hakuna kinachoungua pale kama kuni zinavyoungua, nguvu yote inatoka kitovuni ambako haidrojeni inagandamizwa inakuwa heliamu. Ndimi ni mawingu ya gesi yamening'inizwa na sumaku, mengine ukubwa wake unameza Dunia kadhaa. Kitu ambacho wengi hawaelewi, na mimi ilinichukua muda, ni kwamba zile ndimi zinazong'aa pembeni na zile nyuzi nyeusi zinazokatiza katikati ya Jua ni kitu kilekile. Angalia moshi wa jikoni kwenu. Ukipita mbele ya mwembe wenye kivuli unaonekana mweupe, ukipanda ukawa mbele ya mbingu yenye mwanga unaonekana mweusi. Moshi haujabadilika, nyuma yake ndio pamebadilika. Mwaka 2023 Muargentina anaitwa Eduardo Schaberger Poupeau alishinda tuzo ya picha za anga upande wa Jua kwa uzi mmoja mrefu wa namna hiyo uliojikunja ukawa kama alama ya kuuliza. Aliupiga kutoka kwao Rafaela, na mtandaoni maneno yalikuwa yaleyale, wamechora.

Kutupa kwa tatu: video

Umeshapita barabarani saa saba mchana ukaona lami kwa mbele inacheza kama maji? Mazigazi yale. Sasa darubini inalilenga Jua kupitia hewa hiyohiyo, na inakuza mara mia. Kwenye skrini Jua linatetemeka kama liko chini ya mto. Ukipiga picha moja ni bahati nasibu, na mara nyingi umeliwa.

Kwahiyo hatupigi picha, tunarekodi video. Sekunde 30, fremu 80 (yaani picha moja moja zinazounda video) kila sekunde, unapata fremu 2,400 na faili la giga tano na kitu (laptopu yangu hapo inaanza kulalamika nafasi). Fremu nyingi humo ni mbovu, ila katikati ya mtetemo kuna nukta ndogondogo hewa inatulia, sehemu ya mia ya sekunde, na fremu iliyodondokea hapo inatoka kali kama wembe. Programu kama AutoStakkert, ya bure hiyo, inapitia fremu moja moja inazipa maksi. Wewe unaiambia nibakizie asilimia 10. Ni kuchambua mchele kwenye ungo, chuya na mawe nje, punje nzima zinabaki, tofauti ni kwamba hapa tunatupa debe zima tunabaki na kibaba.

Zile 240 zilizobaki zinapangwa moja juu ya nyingine kama chapati, doa juu ya doa, uzi juu ya uzi, alafu zinachukuliwa wastani. Kwanini usichukue ile moja bora ukamaliza? Kwa sababu fremu moja ina chenga, zilezile chenga za TV ya antena. Chenga kila fremu zinakaa mahali tofauti, Jua linakaa palepale, ukichukua wastani chenga zinauana zenyewe na Jua linabaki. Kwa fremu 240 chenga zinapungua kama mara 15. Hii ndio maana ukisikia "picha imetengenezwa na picha elfu moja" hakuna mtu ameunga vipande vya uongo, ni kitu kimoja kimepimwa mara elfu moja.

Ila usirekodi nusu saa ukidhani unaongeza utamu. Jua linachemka, ile michirizi inahama, ukizidisha dakika moja au mbili unaanza kupanga chapati za maumbo tofauti na picha inakuwa uji.

Saa ya kupiga pia ina siri yake. Wengi wanadhani saa sita Jua likiwa utosini ndio kuzuri, kumbe muda huo ardhi imeshachemka. Mimi napiga saa mbili na nusu mpaka saa nne hivi asubuhi, Jua limepanda kiasi, bati na zege bado havijapata moto. Mbele ya darubini yako weka majani, miti, maji kama unayo, kimbia paa la bati la jirani. Wataalamu nao wanajua, kituo cha Big Bear kule California wamekijenga ndani ya ziwa na kile cha Udaipur kule India kiko kwenye kisiwa, maji yanachelewa kupata joto kwahiyo hewa ya juu yake imetulia.

Na kitu hakuna anayekwambia: huoni skrini. Unapiga picha kitu chenye mwanga kuliko vyote mchana kweupe na laptopu inakuwa kioo cha kujitazama. Mimi naiingiza kwenye boksi la TV, najifunika kitenge cha mke wangu kichwa na mabega, humo ndani joto, jasho linadondokea kibodi, kidole kimoja kiko nje kinapapasa kitasa cha fokasi. Pale nyumbani kuna njia ya mkato watu wanakwenda sokoni. Wanapunguza mwendo wakifika usawa wangu, salamu hawatoi.

Jikoni

Ukishapanga chapati picha inatoka laini, imefifia, inakatisha tamaa kabisa. Taarifa zote zimo ila zimelala. Hapo unatumia kunoa, programu inaangalia wapi kuna mabadiliko madogo ya weusi na weupe inayakuza. Kisu kilichonolewa hakijaongezwa chuma. Ila kunoa kuna tamaa, ukizidisha kidogo inatokea mistari myeupe kuzunguka madoa, uso wa Jua unakuwa kama umejaa minyoo, na minyoo hiyo haipo kwenye Jua, umeifuga wewe. Picha zangu za mwaka wa kwanza zote zina minyoo na nilizisambaza kwa kiburi.

Kuna na vumbi kwenye kamera pamoja na miduara ya mwanga unaodunda ndani, hiyo unaifuta kwa kupiga video nyingine fupi, filta ikiwa palepale, huku umefunika mdomo wa darubini na mfuko laini wa mkate. Jua linakuwa ukungu, vumbi linabaki linaonekana, programu inajua cha kutoa. Mkate wenyewe tunakula wakati faili linapakia.

Alafu rangi. Hii ndio mjomba alinibana nayo na nakubali, ile rangi ya chungwa nimeipaka, au tuseme yule jamaa ameipaka. Kamera nzuri za kazi hii ni za nyeusi na nyeupe. Umeshatupa rangi zote ukabaki na moja, sasa kamera ya rangi ya nini? Inakuja picha ya kijivu, na kila mtu anaipaka anavyotaka, wengi chungwa na njano kwa sababu ndio Jua watu wanalolitegemea. Ukitaka kubishana kwa haki, kwenye darubini ile Jua ni jekundu kama taa ya breki, na kwa ukweli wa angani Jua ni jeupe, njano yetu inaletwa na hewa. Wengine wanageuza kabisa, penye mweusi panakuwa peupe, na hapo ndio manyoya yanaonekana mazito kama zulia. Hiyo ni ladha, sio uongo, mradi usiseme ndio lilivyo kwa macho.

Mpaka wa uongo ni upi basi? Kwangu ni hapa: umeongeza kitu ambacho mwanga haukukuletea, au umechanganya vitu ukanyamaza. Ndimi za pembeni ni hafifu kuliko sahani ya katikati, kwahiyo karibu sote tunarekodi video mbili, moja ya sahani moja ya ndimi, tunaziunga. Ni kawaida na tunasema. Andrew McCarthy na Jason Guenzel, Wamarekani, mwaka 2023 walitoa picha moja ya Jua kutoka zaidi ya picha 90,000, na korona waliyoizungushia ilitoka kwenye kupatwa kwa Jua kwa mwaka 2017. Waliandika wazi, ila picha ikasambaa bila maandishi, wengine wakaiamini kama imepigwa mara moja na wengine wakaiita feki, na wote wamekosea. Yule yule McCarthy Novemba 2025 alimpiga mrukaji wa parachuti akipita mbele ya Jua kule Arizona, kelele za AI zikaanza tena. Ninachokihofia zaidi ni programu mpya za kunoa zinazotumia AI kweli, zile zinabuni manyoya pale yasipokuwepo kwa sababu zimeona manyoya mengine mahali pengine. Hapo mjomba ana hoja.

Kupima kama picha ni ya kweli ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana Jua ni moja tu na linapigwa na wengine muda wote. NASA wana setelaiti ya SDO iko juu tangu 2010, picha zake ziko wazi kwa kila mtu, na kuna mtandao wa vituo sita unaitwa GONG duniani kote unapiga haidrojeni alfa mchana kutwa. Chukua tarehe ya picha unayoitilia shaka, fungua za siku hiyo, linganisha madoa na nyuzi. Yakikaa palepale, imepigwa. Angalizo kwa sisi wa karibu na ikweta, usishangae picha yako ikiwa imelala. Asubuhi ukitazama mashariki kaskazini ya Jua iko mkono wako wa kushoto, jioni ukitazama magharibi iko kulia, kwahiyo doa lililokuwa juu asubuhi jioni liko chini na hakuna kilichohama. Jua lenyewe likizunguka linachukua kama siku 27 kurudi tulipoanzia, doa linasogea kidogo kidogo siku hadi siku. Izungushe picha yako kwanza ndio ulinganishe.

Nilifanya hivo na ile ya binamu. Nyuzi zote mbili kubwa zipo, na ulimi wa upande wa kulia upo, mfupi kidogo kwa sababu ya saa tofauti. Nikatuma zote mbili grupuni. Mjomba akajibu kwa kidole gumba, hajaandika kitu.

Jumapili shangazi akaja mwenyewe kuona. Nilimfungia darubini ya mwanga mweupe kwanza, akaniuliza mara tatu kama ni salama, nikamuonesha filta, nikamuonesha na kofia. Akachungulia muda mrefu kimya. Sahani nyeupe, safi, na madoa mawili madogo karibu na ukingo.

"Ndio hilo tu?"

Nikamwambia ndio hilo shangazi. Akanyanyuka akatengeneza mtandio, akasema haya, niletee sasa lile lenye manyoya.